Redio ya memori kadi, kiswaswadu (simu ndogo ya vitufe) au spika ya Bluetooth? Namna ya kuchagua kifaa cha muziki kinachokufaa

Hapa mezani kwangu Kariakoo, ninapotengeneza redio, spika na simu, swali linalorudi kuliko yote ni hili: "Fundi, nichukue ipi?" Anayeuliza ameshalinganisha bei, ameshasoma wati zilizoandikwa kwenye boksi, na anataka nimmalizie tu. Mimi humrudisha nyuma kwa maswali mawili. Nyimbo zako zinakaa wapi? Na chaji utaipatia wapi? Akinijibu hayo sawasawa, vifaa vingi dukani vinajiondoa vyenyewe, na hapo ndipo bei inapokuwa na maana.

Ukisikilizia mtandaoni, kifaa chako ni simu na gharama yako kubwa ni bando. Sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde inakula karibu megabaiti moja kila dakika. Saa nne kwa siku ni kama MB 230, na kwa mwezi mzima unakaribia GB 7. Hiyo ni sauti peke yake. Ukiacha video ya YouTube icheze huku simu iko mfukoni, hesabu inapanda mara kadhaa kwa picha ambayo hakuna anayeitazama. Kwa anayetafuta nyimbo mpya kila siku, gharama hiyo ina sababu. Lakini wateja wangu wengi wanarudia nyimbo zilezile wanazozipenda, na mtu wa namna hiyo ananufaika zaidi akizimiliki kwenye kadi. Kadi ya GB 32 inabeba zaidi ya nyimbo 7,000 za dakika nne kwa kiwango hichohicho cha kilobiti 128.

Nimeitaja GB 32 kwa makusudi. Redio ndogo na spika nyingi za bei ya chini zinasoma FAT32 tu, yaani mfumo mmoja wa kupanga mafaili kwenye kadi. Kadi za hadi GB 32 huja zikiwa zimefomatiwa hivyo. Kuanzia GB 64 huja na mfumo mwingine, exFAT, na redio itakaa kimya kana kwamba hujachomeka kitu. Watu wanaleta redio nzima kwangu wakidhani imekufa, kumbe shida ni kadi. Zipo programu za kompyuta za kuifomati kadi kubwa iwe FAT32, na mara nyingi inakubali, lakini kwa redio ya mkononi kadi ya GB 16 au 32 ni salama na inatosha.

Kuna pia kadi za uongo, na hizi zinaniuma kwa sababu zinampotezea mtu vitu asivyoweza kuvipata tena. Kadi imeandikwa GB 512, bei ni ya kutupa, na hata simu inaonyesha GB 512, kwa sababu chipu ya ndani imechezewa idanganye. Uwezo wake wa kweli unaweza kuwa GB 8. Unajaza nyimbo, kaswida, video za harusi, na kila kinachozidi hapo kinaharibika au kinafuta kilichotangulia bila onyo lolote. Ijaribu siku hiyohiyo uliyoinunua, kabla hujaiamini na chochote. Kwenye kompyuta ya Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw, na kwenye Linux au Mac kuna F3. Zinaijaza kadi yote kisha zinasoma tena kilichoandikwa. Kazi hiyo inachukua muda, lakini majibu yake hayana ubishi.

Sasa jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa: mpangilio. Redio nyingi zisizo na skrini ya majina hazifuati alfabeti. Zinacheza faili kwa mfuatano zilivyoingizwa kwenye kadi. Kwa mtu wa bongo fleva pengine si tatizo. Kwa mama anayetaka sura za Qur'ani zifuatane, au mzee mwenye mahubiri ya sehemu kumi, ni tatizo kubwa. Mwambie anayekuwekea nyimbo azipe namba mwanzoni mwa jina, 01, 02, 03, kisha anakili kwa mfuatano huo kwenye kadi iliyofutwa upya. Halafu angalia kama kifaa kinakumbuka kilipoishia. Dukani, peleka hadi faili ya tano, zima, washa tena. Kikianza upya kutoka faili ya kwanza, mwenye kusikiliza mawaidha ya saa nzima atateseka nacho kila siku.

Tuje kwenye umeme. Mlinzi wa usiku, mvuvi, mkulima aliye mbali na nguzo, wote hao huwashauri redio yenye betri inayotoka. Betri ya BL-5C, ileile ya simu za Nokia za zamani, ina volti 3.7 na takriban mAh 1,000 (mAh, miliampia kwa saa, ni kipimo cha chaji betri inayobeba), na inapatikana mpaka kwenye vibanda vya vijijini. Redio inayokula miliampia 200 kwa sauti ya wastani itakwenda saa tano hivi; ukiwa na betri ya pili mfukoni, usiku unaisha ukiwa bado unasikiliza. Spika nyingine zinatumia seli ya 18650, ile nene kama ya tochi. Nzuri sana, ila usiamini lebo. Nimeona zilizoandikwa mAh 9,900, wakati seli halisi ya ukubwa huo haifiki hata nusu ya namba hiyo. Njia rahisi ya kuikamata ni uzito: seli halisi ina karibu gramu 45, na ya uongo mara nyingi ni nyepesi waziwazi. Spika nzuri za kisasa, zile zilizofungwa kila upande zisiingie maji, betri yake imegundishwa ndani. Zinadumu na chaji muda mrefu, lakini betri ikichoka zinakuja kwa fundi, na si kila moja hufunguka bila kuvunjika. Kwa kijiji kisicho na fundi, kwangu hilo linatosha kuiacha.

Wati za kwenye boksi ziruke. Ukiona neno PMPO, namba inayofuata haina kipimo kinachofuatwa na wote, kila kiwanda kinajiandikia. Tafuta RMS, yaani wati ambazo kifaa kinaweza kuzitoa mfululizo. Hesabu yenyewe si ngumu: betri ya volti 3.7 ikisukuma spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) moja kwa moja haiwezi kutoa hata wati 2 za sauti safi. Kukiwa na saketi ya kupandisha volti hadi 5, unafika kama wati 3. Kwa hiyo kiredio cha betri moja kilichoandikwa wati 50 hakina mahali pa kuzitoa. Wati 3 za kweli zinatosha chumba. Kwa kikundi cha watu uani, tafuta spika ya wati 10 na kuendelea yenye mwili mkubwa, maana besi inahitaji nafasi ya kusukuma hewa.

Kwa wa baharini: IPX7 maana yake kifaa kimepimwa ndani ya maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, na ile X inaonyesha kwamba vumbi halikupimwa. Kipimo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ni jambo jingine, kwa hiyo ikilowa baharini isuuze kwa maji ya bomba, na usiichaji kabla tundu la chaja halijakauka.

Kama unapenda taarifa ya habari na mpira, hakikisha kuna FM ya kweli, maana spika nyingi za Bluetooth hazina. Vicheza MP3 vidogo na simu nyingi hutumia waya wa hedifoni kama antena. Bila waya, hakuna stesheni. Na kama unaishi nyuma ya milima ambako FM haifiki vizuri, tafuta redio yenye SW na MW, yaani masafa mafupi na masafa ya kati, usipoteze muda kubishana na antena.

Sasa wale wanaosikiliza kwa hedifoni, kwa makini, peke yao. Walkman ya kwanza ya Sony ilitoka mwaka 1979, iPod ya kwanza mwaka 2001 ikiwa na GB 5, na Apple ilitangaza mwisho wa iPod mwaka 2022. Watu wakadhani vifaa vya muziki peke yake vimekwisha. Havijaisha, kampuni za Sony na FiiO zinaendelea kuvitengeneza, na vya kwao vizuri ni ghali. Nani anavihitaji? Mwenye hedifoni kubwa za omu 250 au 300, ambazo simu inazisukuma kwa shida, na mwenye mafaili ya FLAC, yaani yasiyopunguzwa ubora, yaliyotolewa kwenye CD halisi. Wengine wote, pesa hiyo iwekeni kwenye hedifoni. Tofauti kati ya hedifoni mbovu na nzuri inasikika kwa sikio la yeyote; tofauti kati ya simu nzuri na kicheza muziki cha ghali, kwa hedifoni za omu 16 au 32, ni ndogo sana. Simu yako haina tundu la hedifoni? Kuna vigeuzi vidogo vya USB-C vyenye chipu ya sauti ndani, na vinafanya kazi vizuri.

Chanzo cha wimbo ndicho kinachoweka mpaka. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay mwaka 1928, kwenye santuri za zama hizo. Sauti nyembamba za juu sana hazikuingia pale, na hakuna kifaa cha ubora wa juu, hata kiwe cha kilohezi 96, kitakachozizalisha leo. Dansi la miaka ya 1970 lililonakiliwa kutoka kaseti hadi kaseti, kisha likawekwa kwenye MP3, vilevile. Nyimbo hizo nazipenda mno, na nazisikiliza kwa kifaa cha kawaida kabisa chenye hedifoni safi. Wala msidanganywe na faili ya kilobiti 128 iliyogeuzwa kuwa 320. Imeongezeka ukubwa tu, kilichopotea hakirudi.

Kwa watu wengi mno jibu langu ni kiswaswadu. Kina tundu la hedifoni, kina nafasi ya memori kadi, kina FM na tochi, betri inatoka, na chaji yake inakwenda siku kadhaa. Kama simu yako janja inaisha chaji saa kumi jioni kwa sababu ya muziki, nunua kiswaswadu kisicho na laini, kiwe cha nyimbo tu. Mwanafunzi wa bweni ni tofauti, kwake tafuta MP3 isiyo na sehemu ya laini, na muulize mwalimu kwanza kama inaruhusiwa.

Naomba mnisikilize kuhusu masikio. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwa desibeli 80. Kwa desibeli 90 zinabaki saa nne tu kwa wiki nzima. Ndani ya daladala kelele ni kubwa, na kwa hedifoni zinazoachia upenyo mtu huongeza sauti mpaka mwisho ili aishinde injini. Chagua zenye mpira laini unaoziba sikio, na ujaribu saizi zote za mpira zilizomo kwenye boksi. Zikiziba sawasawa utajikuta unapunguza sauti bila kulazimishwa. Wazazi, spika ndogo chumbani ni bora kuliko kumwachia mtoto hedifoni mchana kutwa.

Ukienda dukani, nenda na kadi yako yenye nyimbo unazozijua na hedifoni zako. Omba kifaa kifunguliwe. Pandisha sauti hadi robo tatu usikilize kama inakwaruza, chomeka pini ya hedifoni uizungushe taratibu kama upande mmoja unakatika, kisha chomeka chaja uone kama taa inawaka bila kuishikilia waya. Muuzaji akikukatalia kujaribu, duka la pili liko hatua chache tu.