Unaomba kujiunga na watafiti wa maji na tabianchi? Jibu usije nalo

Kila dirisha la maombi ya uzamili na uzamivu likifunguliwa, napokea andiko lilelile, jina la mto tu ndilo linabadilika: "Athari za Mabadiliko ya Tabianchi katika Mto" fulani. Ukifika aya ya pili, mwombaji ameshatoa hukumu. Mvua zimepungua, mto umekauka, kilichobaki ni sisi kumpokea apate takwimu za kutia muhuri. Ukimuuliza zimepungua kwa kiasi gani na katika kituo kipi, anakujibu kwamba hali inaonekana kwa macho.

Hiyo ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba vikundi vyetu vinatafuta watu wa kuthibitisha kuwa tabianchi imekausha mto. Hatujui nani kaukausha, ndiyo maana tunapima.

Chukua mto Ruaha Mkuu, kusini mwa Tanzania. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, viboko wanabaki kusongamana kwenye madimbwi. Wapo waliosema ni mvua, wapo waliosema ni ng'ombe, na mgawo wa umeme ulipopamba moto lawama zikawaangukia wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, juu ya hifadhi. Watafiti wa mradi wa SMUWC, wa usimamizi wa ardhioevu ya Usangu, na baadaye RIPARWIN, wa matumizi ya maji ya umwagiliaji, uliokuwa na watu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), walikaa na rekodi. Hawakuona upungufu wa mvua unaotosha kueleza mto kukatika. Walichoona ni mabanio ya umwagiliaji yanayoendelea kuchepusha maji kiangazi chote, mengine yakiishia kwenye mashamba ambayo mpunga umeshavunwa. Kina cha maji ya Ihefu, kinamasi cha Usangu, kikishuka chini ya mwamba wa N'giriama ulio kwenye mlango wake wa kutokea, hakuna kinachotoka kwenda hifadhini. Upande wa umeme nako, bwawa la umeme la Mtera, lililo chini zaidi ya mto, hujazwa na maji ya masika, si hayo machache ya kiangazi, kwa hiyo wakulima walibebeshwa mzigo usio wao. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa Ihefu, na mto ukaendelea kukatika. Hayo ndiyo malipo ya kuanza na jibu, na wanaolipa si watafiti.

Sisemi tabianchi haibadiliki. Barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912. Ila usirukie kuandika kwamba ikiisha mito ya mlima itakauka: maji ya mito hiyo hutokana hasa na mvua ya ukanda wa msitu, mchango wa barafu ni mdogo mno. Na Mei 2020, Ziwa Victoria lilipojaa kupita rekodi ya 1964 na kuingia kwenye nyumba za watu, bado kuna waliokuwa wananiandikia kuhusu maziwa yanayokauka.

Ushauri wangu ni mmoja na wanafunzi wangu wameshauchoka. Kabla hujaandika barua, nenda ofisi ya bodi ya maji ya bonde lako, omba rekodi ya kina ya kila siku ya kituo kimoja, uichore mwenyewe. Utakuta mita 1.35 imeandikwa wiki tatu mfululizo bila kupanda wala kushuka. Msoma kipimo alikuwa haendi tena mtoni, anajaza daftari nyumbani. Utakuta sifuri mahali ambapo hakuna aliyesoma chochote. Utakuta pengo siku zilezile za mafuriko, kwa sababu maji yaliondoka na ubao wenyewe wa kupimia. Asiyeitambua sifuri hiyo atachapisha ukame ambao haukuwahi kutokea, na modeli yake itaukubali bila kusita.

Hayo mengine nayamaliza haraka. Si lazima uwe mhandisi: suala la Usangu lisingeeleweka bila watu wa kilimo, uchumi na sheria za vibali vya maji. Takwimu tu ndizo hutazikwepa. Kazi yenyewe si buti na mitumbwi kila siku. Muda mwingi utakuwa mbele ya kompyuta unasafisha data kwa lugha za programu kama R au Python. Kukosa vifaa vya bei mbaya si kisingizio, maana mvua za CHIRPS (makadirio ya setilaiti yaliyochanganywa na vipimo vya vituo), za kuanzia 1981, zinapakuliwa bure. Zilinganishe lakini na vituo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kabla hujaziamini, hasa milimani. GPA? Chuo kina kiwango chake cha udahili na sina mamlaka nacho. Ukishakivuka, mimi nasoma grafu yako kabla ya cheti.

Na kukubaliwa si kufadhiliwa. Posho hutoka kwenye mradi, na mradi una bajeti na tarehe ya kuisha, mara nyingi kabla tasnifu haijaisha. Uliza mapema, tena kwa maandishi, kama ada imo, safari za uwandani zimo, na ni kwa miezi mingapi. Kisha watafute wanafunzi walioko mwaka wa pili uwaulize hayohayo, msimamizi akiwa hayupo.