Bruce Brown na zile milioni 22: tuache kuhesabu pointi tu

Jamani, nimetumiwa tena ile hoja kwamba Denver Nuggets, timu ya kikapu ya NBA, ni mabahili, wamebeba ubingwa 2023 halafu wakamwachia mchezaji wao Bruce Brown aende Indiana Pacers. Mimi kazi yangu ni mikataba na hili linanikera kweli, maana Denver walibanwa na sheria.

Brown alisaini Denver 2022 kwa kama dola milioni 6.5 kwa mwaka, miaka 2, ule wa pili ulikuwa kwa hiari yake, akaukataa akawa mchezaji huru. Kuna kepu, yaani kikomo cha mishahara yote ya timu, na haki kamili za Bird, yaani ruhusa ya kumbakisha mchezaji wako hata ukishaivuka, zinataka miaka 3, yeye alikuwa na mmoja, kwa hiyo timu iliyoshavuka kepu mwisho wake ni asilimia 120 ya mshahara wake, yaani kama milioni 7.8, hata tajiri wa timu atake kutoa mara tatu yake. Pacers walikuwa na nafasi kwenye kepu, wakampa miaka 2 milioni 45, kama 22 kwa mwaka.

Sasa wanakuja wale wa "pointi 11 kwa mechi unampaje milioni 22?" Hebu someni mkataba wote basi! Mwaka wa pili ulikuwa chaguo la timu, yaani Indiana ndio wa kuamua wauendeleze au wauache. Timu yenye nafasi lazima itumie angalau asilimia 90 ya kepu, na mkataba mnene halafu mfupi haukufungi, tena ni mtaji wa kubadilishana wachezaji. Januari 2024 Indiana walimtaka Pascal Siakam wa Toronto, anakula karibu milioni 38, mishahara inabidi ikaribiane, wangetoa nani? Ule mshahara wa Brown ndio uliobeba mzigo, wakaongeza wachezaji wawili wa mishahara midogo na picki 3 za raundi ya kwanza (haki za kuchagua wachezaji wachanga), Siakam huyo Indiana, na 2025 wakacheza fainali. Brown wa milioni 7 asingefungua huo mlango.

Ndiyo maana mtu akiniuliza fulani anastahili ngapi nauliza kwanza nani ana nafasi kwenye kepu Julai hiyo. Takwimu baadaye.

Na hata takwimu zenyewe zinanitatiza, nasema ukweli. Rudieni mkanda wa Denver: Nikola Jokić, senta wao, anapokea mpira juu kidogo ya eneo la rangi (lile la chini ya kikapu), beki wa Brown anageuza shingo sekunde moja tu kuuangalia, Brown ameshapita mgongoni kwake, pasi, lei-apu. Hiyo pointi ni ya nani? Kuna modeli za takwimu zinazodai kutenganisha mchango wa Brown na wa Jokić, mimi siziamini sana kwa mchezaji wa aina hii. Halafu mechi ya 4 ya fainali kule Miami akatokea benchi akaweka 21, 11 kati ya hizo robo ya mwisho, na nyingine alijitengenezea mwenyewe, hapo unaanza kujiuliza upya.

Baadaye Toronto, New Orleans, na 2025 huyo amerudi Denver, kwa mshahara wa kima cha chini.