Acheni kuiadhibu ngozi ya uso jamani: dhana potofu na ukweli wake

Inauma sana kuona mtu mwenye ngozi yake nzuri tu anaiharibu kwa sababu aliambiwa "paka hiki usiku mmoja, kesho utanishukuru". Naandika hapa zile dhana ninazozisikia kila siku na ukweli wake, zile zinazoumiza watu ntakaa nazo, zile ndogondogo ntazipitia haraka. Kitu kimoja uelewe kwanza: juu kabisa ya ngozi ya uso kuna tabaka jembamba la seli zilizokufa ambazo zimeshikana kwa mafuta, hilo tabaka ndo linazuia maji yasitoke na vijidudu visiingie, na vitu vingi tunavyojipaka kwa nia nzuri kabisa vinalichuna. Likishachunika uso unaanza kuvuta, kuwasha, kutoa vipele vidogovidogo, na hapo mtu badala ya kupumzisha ngozi anaenda kutafuta dawa kali zaidi.

Tuanze na hii ya kwamba chunusi ni uchafu. Sio kweli, na imewafanya vijana wengi waone aibu bure. Chunusi inaanzia ndani ya kitundu cha kinyweleo, homoni zinaamsha tezi za mafuta (ndo maana zinashika moto wakati wa kubalehe, na kwa wadada wengi siku chache kabla ya hedhi), seli zilizokufa zinachanganyika na hayo mafuta zinaziba kitundu, halafu bakteria anaeitwa Cutibacterium acnes, ambae yupo kwenye ngozi ya kila mtu hata msafi namna gani, anapata sehemu ya kuzaliana, mwili unapambana nae, unapata uvimbe na usaha. Sasa hapo uchafu uko wapi? Hata vile vidoti vyeusi vya puani sio vumbi, ni mafuta na melanini (ile rangi ya asili ya ngozi) vilivyokutana na hewa vikageuka rangi, ndo maana unasugua na dodoki mpaka pua inachubuka na vidoti viko palepale. Osha uso asubuhi na usiku, na ukitoka jasho jingi, kwa vidole na sabuni laini ya uso na maji ya uvuguvugu, inatosha. Sabuni nyingi za kipande zina pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inapanda) ya 9 mpaka 10 wakati ngozi inapenda kukaa kwenye 5 hivi, kwaiyo kama kila ukinawa uso unakakamaa mpaka unashindwa kucheka vizuri, hiyo sabuni sio ya usoni.

"Limao linaondoa madoa"

Hii naomba nikae nayo kidogo sababu inaumiza watu kweli. Maji ya limao au ndimu yana pH ya karibu 2, ni asidi kali kuliko ngozi inavyoweza kuvumilia. Lakini ubaya mkubwa zaidi sio asidi, ni kwamba ndani yake kuna kemikali ambazo zikikaa kwenye ngozi halafu ukatoka juani zinaichoma. Haichomi palepale, ndo inapodanganya, inakuja baada ya siku moja mbili: malengelenge, wekundu, halafu inabaki alama ya kahawia au nyeusi yenye umbo lilelile la jinsi majimaji yalivyotiririka, unaona kabisa mchirizi umeshuka shavuni mpaka kwenye taya, au alama ya vidole pale alipopaka. Alama hizo zinaweza kukaa wiki hadi miezi. Yani mtu ameingia kutafuta tiba ya doa moja, ametoka na madoa ambayo hakuwa nayo.

Kitunguu saumu kilichopondwa kinaunguza vilevile, kikikaa kinatoa malengelenge. Baking soda iko upande wa pili, pH yake inapita 8, inavuruga ile asidi kidogo ambayo ngozi inaitegemea. Dawa ya mswaki juu ya chunusi, kweli itakauka, lakini itakauka pamoja na ngozi ya pembeni, ile minti na vile vitu vya kung'arishia meno vimetengenezwa kwa ajili ya meno na sio shavu.

Na usinielewe vibaya, sisemi vya asili vyote vibaya. Asali ina uwezo wa kupambana na bakteria, mpaka hospitali zinatumia asali maalum iliyosafishwa kwenye vidonda. Aloe vera inatuliza ngozi, ila ni ule ute mweupe wa ndani, yale majimaji ya njano yanayotoka chini ya ganda ukikata jani yanawasha, yaache yachuruzike yaishe kwanza. Ninachokataa ni ile kauli ya "ni cha asili hakina madhara". Upupu nao ni wa asili. Chochote kipya, cha shambani au cha dukani, jaribu kwanza ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio siku kadhaa mfululizo kabla hujakipeleka usoni.

"Mimi mweusi, sanskrini ya nini"

Melanini inasaidia, hilo ni kweli, ngozi nyeusi sana ina kinga ya asili ambayo watafiti waliipima ikaja kama SPF 13 hivi (SPF ni kipimo cha kinga dhidi ya mionzi ya jua inayounguza). Lakini sanskrini, yani krimu ya kukinga jua, ya SPF 30, ikipakwa ya kutosha, inazuia kama asilimia 97 ya ile mionzi inayounguza, melanini peke yake haifiki hapo. Na kwa mtu mweusi shida kubwa ya jua usoni huwa sio kuungua, ni madoa. Ukitoka chunusi, au ukiwa na yale mabaka ya kahawia ya mashavuni yanayokuja na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, jua linayakoleza kila siku wakati wewe usiku unahangaika na krimu ya madoa, unajaza ndoo iliyotoboka. Tena hata mwanga wa kawaida unaouona kwa macho unakoleza madoa kwenye ngozi nyeusi, na sanskrini zisizo na rangi haziuzuii vizuri, kwaiyo mwenye mabaka atafute ile yenye rangi ya kahawia ndani yake, rangi hiyo inatokana na oksidi ya chuma na ndo inayokinga huo mwanga. Faida nyingine haikuachii ule unga mweupe usoni, maana najua wengi waliacha sanskrini kwa sababu ya kuonekana kama wamepakwa majivu.

Kiasi ndo wengi tunakosea. Kamua mstari kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, hiyo ndo ya uso na shingo, sio nukta moja inayosambazwa mpaka inaisha. Ukiwa nje rudia kila baada ya masaa mawili. Na ukikaa ndani karibu na dirisha bado mionzi inayozeesha ngozi inapita kwenye kioo.

Haraka haraka sasa. Eti ngozi ya mafuta haihitaji losheni: inahitaji, nyepesi isiyo na mafuta mazito, hasa kama unatumia dawa ya chunusi maana hizo dawa zinakausha. Eti mvuke unafungua vitundu na maji baridi yanavifunga: vitundu havina misuli, havifungui wala havifungi, mvuke unalainisha tu yale mafuta ya juu, na ukisogea karibu sana unaungua. Eti kunywa maji mengi kunaondoa chunusi: kunywa maji kwa ajili ya mwili wako, lakini kama hukuwa na upungufu wa maji, lita ya ziada haiendi usoni, inaenda chooni. Chakula chenye mafuta nacho kimesingiziwa sana, vyenye ushahidi kiasi ni vitu vya sukari na vya wanga vinavyopandisha sukari haraka kwenye damu, na kwa baadhi ya watu maziwa. Mafuta yanayoleta shida mara nyingi ni ya kichwani, mtu anapaka mafuta mazito ya nywele yanashuka kwenye paji la uso, halafu anashangaa kwa nini vipele vimejipanga mstari chini ya nywele. Mafuta ya nazi pia, mwilini ni mazuri kabisa, usoni kwa mtu mwenye chunusi yanaziba.

Kuna hii nyingine, "ikichoma ujue inafanya kazi". Hapana jamani, ikichoma ujue inachoma. Benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 inapunguza chunusi karibu sawa na ya 10, tofauti ni kwamba ya 10 inakausha na kuunguza zaidi (na zote zinatoa rangi kwenye taulo na foronya, tumia nyeupe). Ndugu yake dhana hiyo ni "nimepaka wiki nzima sijaona kitu, nabadilisha". Seli mpya ya ngozi inatumia kama wiki 4 kutoka chini mpaka juu, na umri ukienda inachelewa zaidi, kwaiyo dawa ya chunusi ipe wiki 8 mpaka 12 kabla hujaihukumu. Mtu anaebadilisha bidhaa kila wiki hajawahi kujua hata moja kama inamfaa. Na usianze vitu vitano siku moja, anza kimoja, ngozi ikikizoea ongeza kingine, ikileta shida utajua ni nani.

Kama unataka kujua vitu gani vina ushahidi, ni vichache na bei sio kigezo, soma nyuma ya kopo: asidi ya salisiliki mpaka asilimia 2 kwa vitundu vilivyoziba, benzoili peroksaidi kwa chunusi zenye usaha, adapalini (dawa ya chunusi ya jamii ya vitamini A) usiku kiasi cha punje ya njegere uso mzima, niasinamaidi na asidi ya azelaiki kwa madoa. Mjamzito asiguse adapalini wala ndugu zake wote wa vitamini A, azelaiki yeye anaruhusiwa. Chunusi ukiiminya unasukuma usaha ndani zaidi, na kwenye ngozi nyeusi kila kidonda kinaacha doa linalokaa miezi, chunusi yenyewe ingeisha ndani ya siku chache.

Wakaka mnaotoka vipele kidevuni kila mkinyoa, hizo mara nyingi sio chunusi wala wembe mchafu. Nywele iliyojikunja ikikatwa karibu sana inarudi kuchoma ngozi kwa ndani. Spiriti baada ya kunyoa haitibu hilo, inaongeza ukavu tu. Tumia mashine, acha kijinywele kidogo, usivute ngozi wakati wa kunyoa, nyoa kufuata nywele zinakolalia.

Nimeacha la mwisho lile linaloniumiza zaidi: krimu za kuchanganya. Lile kopo jeupe lisilo na lebo, au lina karatasi imeandikwa kwa mkono "asubuhi" na "usiku", linaahidi uso laini ndani ya siku 3. Na kweli unalainika, tena haraka, chunusi zinapotea, rangi inafunguka, kila mtu anakusifia, ndo maana ni ngumu kumwambia mtu akakuelewa. Kinachofanya hivyo mara nyingi ni steroidi (dawa ya kuzima uvimbe na muwasho) kali kama klobetasoli, dawa halali kabisa ya hospitali ambayo daktari anaitoa kwa ugonjwa maalum kwa muda mfupi na mara chache sana usoni. Ukiipaka kila siku ngozi inakuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana mashavuni, vinyweleo vinaota, vipele vya ajabu vinatokea kuzunguka mdomo, na siku ukiacha uso unawaka kama umemwagiwa pilipili, kwaiyo unarudi kupaka. Dhana potofu hapo ni kwamba "krimu inanipenda, nikiacha ndo naharibika". Krimu yenyewe ndo iliyoharibu, kuacha kunaonesha tu.

Nyingine zina haidrokwinoni (dawa ya kupunguza rangi ya ngozi) bila kipimo, ikitumika muda mrefu inaleta weusi wa bluu-kijivu mashavuni ambao kuutoa ni kazi ngumu mno, yani mtu alitafuta weupe akapata weusi usiotoka. Na nyingine zina zebaki, hiyo inaingia mwilini na kuharibu figo, na inahamia kwa watoto kupitia taulo, shuka na kukumbatiana. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki wa mwaka 2013, ulipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki kupita miligramu 1 kwa kilo, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kufuta hata hicho kiwango, isiongezwe kabisa kwenye vipodozi kufikia 2025, lakini bado zinauzwa. Kama kopo lina maandishi, ukiona neno mercury, calomel au mercurous chloride liache hapohapo dukani.

Kwa alieko ndani tayari: zebaki na kopo usilolijua acha leo. Lakini kama umepaka miezi mingi na unahisi ni steroidi, usipambane na ule muwako peke yako chumbani, wala usitafute krimu nyingine ya kuuzima, nenda kwa daktari wa ngozi, wengine anawashusha taratibu kwa dawa nyepesi zaidi na wengine anawasimamisha moja kwa moja akiwatibu huo muwako. Nenda na kopo lenyewe hata kama halina lebo, na umwambie ukweli umelitumia muda gani na sehemu gani za mwili, hakuna kitu hapo ambacho hajawahi kukiona.