Zinia si waridi: usiikate ingali tumba

Ukanda wetu huu wa Arusha umelelewa na waridi. Anayejua kukata maua hapa, mara nyingi kajifunzia kwenye vitalu nyumba vya mashamba makubwa: kata tumba likiwa bado limefumba, likimbize chumba cha baridi, litafungukia kwa mteja. Kwa waridi utaratibu huo hauna kasoro. Kwa zinia ni hasara tupu, na ndiyo maana wapambaji wengi wanaamini zinia "haikai".

Inakaa. Ikikatwa kwa wakati wake, wiki nzima iko chomboni na bado inang'aa. Shida ni kwamba zinia ikishakatwa haiendelei kufunguka. Ilivyo shambani wakati wa kisu ndivyo itakavyobaki, na ukiiwahi, shingo inalegea siku hiyohiyo.

Rangi isikudanganye. Ua huwa jekundu la kukolea siku kadhaa kabla shingo yake haijakomaa. Kwa hiyo mimi kwenye tuta sitazami ua, nashika bua. Lishike sentimita 20 hivi chini ya ua, ulitikise taratibu. Kichwa kikiyumba na bua likajipinda pale juu, liache, urudi kesho kutwa. Likisimama kama waya, ua na bua vikatikisika pamoja, kata. Fanya hivyo asubuhi kabla jua halijapanda, ndoo ya maji safi ikiwa palepale miguuni.

Lalamiko la pili ni mabua mafupi, na hili lina sababu ambayo pakiti ya mbegu haikuambii. Zinia huharakisha kuchanua siku zikiwa fupi. Ulaya na Marekani ya kaskazini, mchana wa kiangazi huzidi saa 14, mmea unapata nafasi ya kurefuka kabla ya kuweka tumba. Sisi huku karibu na Ikweta mchana wetu ni saa 12 hivi mwaka mzima, basi tumba linatokea mmea ungali mfupi. Ile sentimita 100 iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya mchana wa kwao.

Wapo wanaowasha taa shambani usiku kurefusha siku. Kwa zinia sioni bili ya umeme ikirudi. Kata ncha. Mmea ukifika sentimita 25 au 30, kata kichwa juu ya jozi ya tatu ya majani, hata kama tumba limeshaonekana. Roho itauma, kata tu. Vitachipua vitawi vya pembeni, na hivyo ndivyo vyenye mabua ya kuuzika. Wakati wa kuvuna pia shuka chini, ukate juu kidogo ya jozi ya majani ya chini kwenye tawi. Anayeogopa kukata bua refu leo atavuna mafupi msimu mzima.

Kwa mashada napenda aina ya zinia iitwayo Benary's Giant, maua makubwa yenye petali zilizojaa, nikichanganya na Oklahoma ambayo ni madogo na hujaza mapengo. Nyekundu, chungwa, njano, zambarau, pinki kali: ziweke pamoja bila woga. Nyeupe huonyesha kila doa la kahawia, nailima kwa oda tu. Buluu haipo kabisa. Aliyekuuzia mbegu za zinia ya buluu kakuibia.

Adui mkubwa ni ubwiriunga, ule unga mweupe juu ya majani. Hupenda mimea iliyobanana isiyopitisha hewa, kwa hiyo acha sentimita 25 hadi 30 kati ya mche na mche. Madoa ya majani nayo husambazwa na matone ya maji, basi mwagilia chini kwenye udongo kwa mipira ya matone, usinyunyize juu ya majani. Hewa ikikosa kupita, hata angani hakuna nafuu: zinia zilizooteshwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga zilishikwa na ukungu mwishoni mwa 2015 kwa unyevu kuzidi. Feni zikaongezwa kasi, majani yakakauka, na Januari 2016 mwanaanga Scott Kelly akaonyesha picha ya ua la chungwa lililochanua.

Baada ya kukata, pukutisha majani yote yatakayozama. Bua la zinia huchafua maji upesi kuliko la waridi; badilisha maji kila siku, na tone moja au mawili ya jiki kwenye ndoo hupunguza bakteria. Kisha weka kivulini, basi. Zinia asili yake ni Mexico, ni mmea wa joto, na baridi ya nyuzi 2 inayotunza waridi huiharibu petali. Ukipata lifti kwenye gari la friji linalopeleka waridi mjini, muombe dereva ndoo ya zinia ipande mbele pamoja naye.