Ile 60 kwenye boksi la flashi: namba ya mwongozo ni nini?

Ingia duka la kamera Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, uulize flashi ya kupigia harusi. Muuzaji atakushushia maboksi mawili matatu, na kabla hujauliza swali la pili atakuwa ameshataja namba: hii ni 60, hii 58, ile pale juu ni 43. Anazitaja kama dalali wa magari anavyotaja CC. Wewe mwenye bajeti ya kubana unaitazama ile 60 ya bei nafuu, unaitazama 43 ya Canon inayouzwa ghali zaidi, unajiona umeokota dodo chini ya mnazi.

Namba hiyo inaitwa namba ya mwongozo, na kwenye boksi huandikwa kwa kifupi GN. Ukilitamka jina lake la Kiingereza, guide number, kwa ulimi wa Kiswahili unapata "gaidi namba". Tutaniane tu, ila huyo gaidi ameshawapora watu wengi hela zao.

Maana yake ni hesabu moja ya kuzidisha. Chukua umbali kutoka kwenye flashi hadi kwa mtu unayempiga, kwa mita, zidisha kwa namba ya tundu la lenzi, ile f. Kama flashi imewaka kwa nguvu zake zote, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) iko 100, na picha imetoka na mwanga wa kutosha, jibu ulilopata ndiyo namba ya mwongozo ya flashi hiyo. Flashi yenye GN 40 itamwangaza mtu aliye mita 5 ukiwa f/8. Akirudi nyuma hadi mita 10, fungua tundu hadi f/4. Kila mara ukizidisha unarudi kwenye 40.

Kwa nini mwongozo? Kwa sababu hesabu hii ni ya tangu enzi za balbu za flashi, zile zilizowaka mara moja zikatupwa. Mpiga picha hakuwa na kioo nyuma ya kamera cha kuchungulia kama picha imeungua au imezama gizani. Alikadiria umbali kwa macho, akagawanya namba iliyoandikwa kwenye paketi ya balbu kwa umbali huo, akapata tundu la kuweka. Leo karibu hakuna anayegawanya chochote ukumbini. Kamera inapima, au tunapiga moja ya kujaribu, tunatazama, tunarekebisha. Namba imebaki kazi moja, kuuzia.

Na hapo ndipo ujanja unapoingia. Kichwa cha flashi ya kisasa kina zumu ndani yake. Ukiweka 200mm, mwanga unabanwa kama tochi na unafika mbali. Ukiweka 24mm unatawanyika ili ukumbi mzima uonekane, na kwa kuwa mwanga ni ule ule uliosambazwa eneo kubwa, unafika karibu tu. Chukua mfano wa Canon 600EX-RT, ambayo jedwali lake linajulikana. Ikiwa 200mm namba yake ni 60. Ikiwa 50mm inashuka hadi 42. Ikiwa 35mm ni 36, na ikiwa 20mm imebaki 26. Flashi ni moja, betri zile zile.

Sasa Nikon wao walikuwa na desturi ya kutaja namba ya 35mm. Kwa hiyo SB-900, flashi yao kubwa ya wakati wake, ilitangazwa kwa GN 34, na mtu asiyejua akaiona ni mtoto mbele ya Canon yenye 60. Zilinganishe zote kwenye 35mm uone: 34 kwa 36. Ni ndugu wa tumbo moja. Vivyo hivyo 58 ya Yongnuo YN560 IV ilipimwa kwenye 105mm, na 60 ya Godox TT600 kwenye 200mm, kwa hiyo huwezi kusema ya pili imeishinda ya kwanza kwa kusoma maboksi. Ukikutana na tangazo la Marekani lenye 197, usishtuke pia, hiyo ni 60 iliyopimwa kwa futi. Na kuna maboksi ya flashi zisizo na jina yanayotaja GN bila kutaja zumu wala ISO. Hayo yarudishe kwenye shelfu.

Jambo la pili ambalo namba inaficha ni kwamba haiendi sambamba na wingi wa mwanga. Ili namba iongezeke mara mbili, mwanga lazima uongezeke mara nne, kwa sababu mwanga ukienda umbali mara mbili unatandazwa kwenye eneo mara nne. Kwa hiyo tofauti ya 58 na 60 ni kitu ambacho jicho halitakiona. Canon 430EX II ina 43 kwenye 105mm. Wakubwa wake wana 58 hapo hapo. Kwa mwanga, hiyo ni karibu mara mbili, yaani hatua moja tu ya ISO. Umetoka 400 ukaenda 800, pengo limezibika.

Basi kwa nini tusinunue ndogo tu? Jibu liko juu ya vichwa vyetu, darini.

Ukumbini mpiga picha anayejua kazi hamwelekezei bibi harusi flashi usoni. Anakigeuza kichwa juu, mwanga unagonga dari nyeupe na kushuka kama mvua laini, shela inapata mikunjo yake na jasho la paji la uso halimetameti. Gharama yake ni kubwa. Umbali wa kuhesabu si tena kutoka kwako hadi kwa maharusi, ni kutoka kwenye flashi hadi darini na kutoka darini hadi kwao, na dari yenyewe inameza sehemu ya mwanga. Tufanye hesabu ya mtaani. Kichwa kiko 35mm, GN 36, na tuseme dari imemeza robo tatu ya mwanga, kwa hiyo tumebaki na 18. Kwa ISO 800 namba hiyo inazidishwa karibu mara 2.8, inakuwa 51 hivi. Dari ya jipsamu ya mita 3, maharusi wako mita 3 mbele yako: mwanga utasafiri kama mita 4. Ukitaka f/4 unahitaji 16. Nguvu itakayotumika ni kama sehemu moja ya kumi. Flashi inacheza.

Hamia kwenye ukumbi mkubwa wenye dari ya mita 6. Safari ya mwanga inakuwa mita 9 na kitu, f/4 inadai 37, na ghafla unatumia nusu ya nguvu zote kwa kila picha. Flashi ndogo yenye GN 36 kwenye 105mm, mfano Godox TT350 inayotumia betri mbili tu, hapo imeshaishiwa: hata ikiwaka yote, haifikii.

Hivyo namba kubwa hununui kwa ajili ya umbali. Nani anampiga picha bwana harusi aliye mita 15? Unanunua pumzi. Flashi inayofanya kazi kwa sehemu ya nane ya nguvu yake inarudi tayari papo hapo na inaweza kupiga picha nne tano mfululizo wakati wanalishana keki. Inayofanya kazi kwa nguvu zote inakaa sekunde kadhaa ikijikusanya, na katika sekunde hizo ndafu imeshakatwa, mama mzazi ameshafuta machozi, MC ameshahamia jambo jingine.

Mimi hilo lilinifunza Tanga, kwenye sendofu. Niliweka betri za alkalaini mpya kabisa, za kutumia na kutupa, nikajiona nimejipanga. Saa ya kwanza safi. Saa ya pili flashi ilianza kuchukua muda kati ya picha na picha, na ilipofika zawadi za wajomba nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, moja, mbili, tatu, nne, tano, ndipo taa nyekundu inawaka. Nina picha nzuri sana za wajomba wakiondoka. Betri za AA za kuchaji za aina ya NiMH zina volti 1.2 badala ya 1.5, na watu huzidharau kwa hilo, lakini zinatoa umeme kwa kasi ambayo alkalaini haiwezi, na flashi inataka kasi. Nunua seti tatu za nne nne, na chaja nzuri. Ukiwa na hela zaidi, kuna flashi zenye betri moja ya lithiamu kama ya kamera, mfano Godox V860III, ambayo kampuni inasema inatoa mimweko 480 ya nguvu zote kwa chaji moja. Kwa mtu wa harusi tatu kila wikiendi naona inalipa. Kwa anayeanza, bado.

Nirudi darini kidogo, maana kumbi zetu zina tabia yake. Wapambaji wanapenda kutandaza vitambaa juu. Vikiwa vyeupe, furahi, hiyo ni dari ya pili iliyoshushwa karibu nawe. Vikiwa vya zambarau au dhahabu, mwanga utashuka na rangi hiyo hiyo na ngozi za watu zitafanana na vitambaa, na hakuna GN itakayokuokoa. Geuzia kichwa kwenye ukuta wa pembeni. Dari ya boriti nyeusi katika nyumba ya kale Unguja au Lamu haikurudishii kitu. Na sherehe ya uani usiku, chini ya nyota, haina dari hata ya kubishana nayo. Hapo utaelekeza mbele kupitia kitambaa cheupe au kadi, au uweke flashi nyingine juu ya stendi pembeni.

Kwa picha za mtu mmoja mmoja mambo ni mepesi zaidi. Flashi iko kwenye stendi, mbele yake mwavuli mweupe, mita moja na nusu kutoka usoni. Mwavuli ule ule uumezao mwanga kama dari unatuachia GN 18. Gawanya kwa 1.5, unapata f/12 kwa ISO 100. Ukipiga kwa f/5.6 unatumia kama robo ya nguvu. Inatosha na kubaki. Shida inakuja unapompeleka mteja ufukweni saa saba mchana. Jua kwa shata (muda wa kamera kupokea mwanga) ya sekunde 1/200 linadai f/11 na ISO 100, kwa hiyo flashi yako ndogo italazimika kutoa karibu kila ilichonacho ili tu ilingane na jua. Wengi hapo huanza kuitukana flashi. Afadhali subirini saa kumi na moja jioni.

Swali la TTL nalo litakuja. Hiyo ni flashi kumsikiliza kamera: inatoa mmweko mdogo kwanza, kamera inapima, kisha inaagiza nguvu. Ukiwa unawafuata maharusi wanaoingia ukumbini wakicheza, umbali unabadilika kila hatua, na TTL inakusaidia kweli, ingawa gauni jeupe likijaa fremu itadanganyika na kukupa picha ya kijivu. Kwenye stendi huihitaji. Ndiyo maana mgawo wangu kwa mwenye hela chache ni huu: moja ya TTL juu ya kamera, kama Godox TT685, na ya pili ya mkono mtupu, yaani nguvu unapanga mwenyewe, kama TT600, ambayo tayari ina kipokezi cha redio ndani. Hela ya Canon au Nikon mpya moja kwa kawaida inazibeba hizo zote mbili, na chenji ikaenda kwenye mwavuli.

Ila kabla ya kulipa, angalia juu ya kamera yako, pale flashi inapochomekwa. Kamera nyingi zina nukta ya chuma katikati, ndiyo inayowasha flashi yoyote ya kawaida. Canon EOS 2000D, 4000D na 250D hazina nukta hiyo. YN560 au TT600 ukiichomeka hapo itakaa kimya kama mkwe mgeni. Hizo zinataka flashi inayozungumza lugha ya Canon, na uijaribu ukiwa na kamera yako mkononi. Flashi za TTL zina herufi kwa kila aina ya kamera: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony, na nimeona watu wakirudi dukani na boksi la herufi isiyo yao. Flashi ya urithi wa enzi za filamu nayo usiichomeke hivi hivi. Baadhi zinarudisha volti mamia kwenye kamera, na kamera ya dijitali inaweza kufa hapo hapo.

Na ukitaka kujua kama namba ya boksi ina ukweli, jaribio lake ni la dakika moja. Weka ISO 100, shata 1/200, tundu f/11. Flashi iwe nguvu zote, zumu 35mm, ielekee mbele. Mwombe muuzaji asimame mita 3 kutoka kwako, karibu hatua nne. Flashi kubwa ya kweli, yenye 36 hapo, inapaswa kumwangaza vizuri, tena kuta za duka zinaisaidia. Uso wake ukitoka gizani, mwonyeshe picha, kisha muongee bei upya.