Kwa nini pilipili haimfukuzi kuku bustanini?

Wafugaji wengi wa kuku wa kienyeji huambiwa kwamba unga wa pilipili kichaa, ukinyunyizwa kwenye tuta la mchicha, humzuia kuku kuchakura. Nami niliamini hivyo, nikatwanga na kunyunyiza kwa msimu mzima, na kuku wakaendelea kuchakura palepale. Nilidhani kipimo kilikuwa kidogo, kumbe kosa lilikuwa katika kudhani kwamba kuku huhisi ukali tunaouhisi sisi.

Imani hiyo ina msingi fulani: wakulima wa Tanzania na Kenya huzungushia mashamba kamba zilizopakwa oili chafu yenye pilipili ili kuzuia tembo, lakini tembo ni mnyama anayenyonyesha, na kuku ni ndege.

Ukali wa pilipili si ladha kama utamu au chumvi, bali ni maumivu. Kwenye ncha za mishipa ya fahamu kinywani mwetu kuna protini inayotoa taarifa ya joto linalounguza, kuanzia nyuzi 43 hivi za Selisiasi. Ifananishe na kitasa: joto kali hukifungua, na kapsaisini, kemikali ya pilipili, ni ufunguo bandia unaokifungua vilevile, hata ubongo ukapokea habari ya moto pasipo na moto. Kuku naye anacho kitasa hicho, na joto hukifungua. Ila tundu lake limechongwa tofauti kidogo, hivyo ufunguo wa pilipili hauzunguki. Mwaka 2002 wanasayansi Sven-Eric Jordt na David Julius, huko California, walipandikiza kipande kidogo cha protini ya panya katika ile ya kuku, nayo ikaanza kuitikia kapsaisini.

Mpilipili wa porini hunufaika na tofauti hiyo, kwa kuwa ndege humeza mbegu nzima na kuzisambaza, ilhali magego ya panya huzisaga. Hata hivyo, maelezo hayo yasihamishiwe kuku moja kwa moja, maana firigisi yake nayo husaga mbegu.

Kinachomvuta kuku ni udongo laini wenye unyevu, wadudu na minyoo. Kwa hiyo funika kitalu kwa wavu au matawi ya miiba mpaka miche ikomae, panga mawe kuzunguka shina la kila mche mkubwa, kisha umwekee mahali pakavu penye mchanga na jivu, mbali na bustani, apate pa kuoga vumbi.