Je, wajua kwa nini kizibo cha soda kikiingia ndani ya boksi hugeuka kitu cha kutazamwa?

Kizibo cha soda kikiwa chini barabarani hakuna anayekiinamia, labda mtoto. Kichukue hichohicho, kisimamishe ndani ya boksi la viatu ulilolipaka rangi ya samawati kwa ndani, kisha liegemeze boksi ukutani. Wageni wataanza kulisogelea. Kizibo ni kilekile, chenye kutu zake.

Kinachofanya kazi hapo ni kina. Picha ya ukutani unaweza kuimaliza ukiwa umekaa mlangoni, lakini boksi lina kivuli chake, lina kona, lina kitu kilichojificha nyuma ya kingine, kwa hiyo jicho linalazimika kuingia ndani. Halafu kuna kuta: kule barabarani kizibo kilikuwa kinashindana na mawe, mifuko na nyayo za watu, humu hakina mshindani. Ila kwa maoni yangu nguvu kubwa zaidi ni ya ujirani. Kiweke kizibo karibu na ufunguo, utafikiria duka lililofungwa. Kibandike juu ya ramani, kitakuwa jua. Akili ya binadamu haivumilii vitu viwili vikae pamoja bila kuvitungia uhusiano.

Aliyeijua vizuri siri hiyo ya ujirani ni Joseph Cornell, msanii Mmarekani wa masanduku ya aina hii, aliyezaliwa mwaka 1903. Hakusomea sanaa popote. Alikuwa muuza vitambaa, na sehemu kubwa ya maisha yake aliishi katika nyumba moja ya mtaa wa Utopia Parkway, Queens, New York, pamoja na mama yake na mdogo wake Robert, aliyekuwa na mtindio wa ubongo. Akipata nafasi alizunguka maduka ya vitabu vya mitumba na ya vikorokoro, akikusanya ramani, gololi, vizibo vya chupa, spring za saa na viko vya udongo. Vyote alivipanga katika chumba cha chini ya nyumba yake, kwenye makasha yaliyoandikwa kilichomo.

Mwaka 1931 aliona kazi za msanii Mjerumani Max Ernst, zilizounganishwa kwa vipande vya picha za zamani, naye akaanza kujaribu za kwake. Sanduku lake la mwaka 1936, ambalo sasa liko katika makumbusho ya Wadsworth Atheneum mjini Hartford, lina ramani ya mwezi, kiko cha udongo, yai ndani ya bilauri ndogo na kichwa cha mwanasesere. Jina lake linataja mapovu ya sabuni, lakini humo ndani huoni povu hata moja. Kuna kiko, kitu ambacho watoto wa zama zile walipulizia mapovu, na kuna mwezi wa mviringo. Povu unalipuliza mwenyewe kichwani.

Cornell alitaka masanduku yake yaonekane yamekula chumvi nyingi. Aliyapaka rangi tabaka juu ya tabaka, mengine akayaingiza kwenye oveni ya jikoni. (Mama yangu angenifukuza mimi na sanduku langu.) Mwaka 1972, mwaka aliofariki, yalifanyika maonyesho ya kazi zake kwa ajili ya watoto katika chuo cha Cooper Union, New York. Masanduku yaliwekwa chini, usawa wa macho yao, wakaandaliwa keki na soda ya cheri.

Sasa ukitaka kutengeneza boksi la namna hii na watoto nyumbani au darasani, kuokota hawahitaji kufundishwa. Anayeunda gari kwa waya na makopo ameshahitimu. Kazi yako ni kukagua: betri, vioo vilivyovunjika na vichupa vya dawa vibaki nje. Makombe ya pwani yawe matupu, na yasitoke ndani ya hifadhi za bahari, maana huko hairuhusiwi kuyachukua.

Boksi lisimame tangu mwanzo. Mtoto akipanga likiwa limelala, atakapolisimamisha kila kitu kitaporomoka, na hapo kilio. Apange kwanza bila gundi, ahamishehamishe hadi aridhike. Wengi watajaza mpaka pomoni. Mwombe atoe kimoja, atazame, kisha atoe kingine. Usimuulize "hii ni nini?" Muulize "nani anaishi humu?" utapewa hadithi ambayo hukuitarajia.

Kubandika ndiko kunakowashinda watu wazima. Gundi nyeupe ya maseremala hushika karatasi, mbao na kitambaa, lakini bati na plastiki laini hubanduka baada ya siku mbili tatu. Kizibo kitoboe kwa msumari (hiyo fanya wewe, si mtoto), pitisha waya mwembamba, toboa na mgongo wa boksi, kisha sokota waya kwa nyuma. Kitu kizito kikae chini au kininginie kwa uzi kutoka juu. Cha uzi kina faida ya kucheza upepo ukipita. Boksi likilowa gundi hupinda, kwa hiyo ongeza kipande kingine cha boksi nyuma yake na ulikandamize kwa jiwe mpaka likauke. Uji mzito wa unga wa ngano nao hubandika karatasi vizuri tu, ila mende na panya watautafuta usiku, basi uutumie kwa boksi ambalo hutalionea uchungu.